Usivuke kwa Neno la Kipimo cha Kwanza

Binti yangu Akiru,

Ejok, hujambo? Abdi, dereva wa lori la samaki wakavu wa Kalokol, anaondoka Lodwar kuja huko Kakuma muda si mrefu, nami naandika juu ya boneti ya lori hilo. Simu yako iko kwa fundi, na ile ya rafiki yako uliyonipigia jana haipatikani. Ulisema kesho utakuja nyumbani kwa pikipiki, na kwamba kabla ya kuondoka utaiuliza programu uliyoiandika kama laga, ule mto wa msimu unaokata barabara, inapitika. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Unakumbuka methodi yako ya kwanza, kile kijisehemu cha programu chenye kazi moja? Ulikuwa umekaa mkekani, umeipakata kompyuta yangu. Methodi hiyo ilijumlisha mbuzi wa mazizi mawili, ikachapisha jibu kwenye kioo, ukanitazama kwa ushindi. Nikakuambia haijarudisha kitu.

"Baba, si jibu ni lile pale?"

"Wewe umeliona. Programu iliyoiita methodi haikupewa chochote."

"Basi haina macho, kama yule beberu wako mzee."

Ulipomaliza kucheka nilikusimulia habari za babu yako. Kabla ya kuhamisha mifugo, alimtuma mtu atangulie upande wa Lokiriama kukagua malisho. Mtu huyo hakuruhusiwa kupaza habari njema kutoka kilimani. Ilimpasa afike hadi kwa babu, amwekee nyasi kiganjani. Methodi nayo ni hivyo. Unaiita kwa jina, unaipa inachohitaji, inafanya kazi ndani ya kitu chake, yaani furushi la taarifa ilimowekwa, kisha kwa neno "return" inamkabidhi aliyeiita thamani moja ya aina iliyoahidiwa. Ikiahidi namba, isilete maneno. Ikitangazwa "void", inafanya kazi na kurudi mikono mitupu, wala hakuna wa kuilaumu. Na jambo moja nililisema mpaka ukachoka: ikifika kwenye "return", imekwisha. Mistari inayofuata haifikiwi.

Asubuhi nimefungua nakala uliyoniachia. Kitu chako, Laga, kina vipimo vitatu vya maji: cha barabarani, cha katikati, na cha juu karibu na milima. Methodi inavipitia kimoja kimoja, ikianza na cha barabarani, kama sisi sote tunavyoanza kwa kuuliza, "Hapo kwa barabara kuna maji?" Lakini ndani ya mzunguko huo wa kuvipitia umeandika: kipimo kikiwa kikavu, rudisha "salama", kikiwa na maji, rudisha "hatari". Basi inatazama cha kwanza, inajibu, inaondoka. Viwili vya juu haviulizwi kamwe. Nikajaza namba za kubuni: milimani mafuriko, barabarani mchanga mtupu.

Ikanijibu: salama.

Nikaifunga kompyuta, nikatafuta karatasi, mwanangu. Wewe unajua maji ya kwetu. Jua linakuwakia utosini, hakuna hata tone, na hayo yanateremka yakiwa yamebeba miti. Na milima ya upande wa Uganda ni myeusi kwa mawingu tangu alfajiri.

Rekebisha hivi. Ndani ya mzunguko bakiza "hatari" peke yake, irudishwe mara tu kipimo chochote kikionyesha maji. "Salama" iteremshe chini, baada ya mzunguko kufungwa, ili isitamkwe kabla vipimo vyote havijaulizwa.

Abdi anapiga honi. "Mwalimu, hiyo ni barua ama ni kitabu? Na mimi nataka kuvuka kabla maji!" Nimemwomba asimame ukingoni, azime injini, asikilize kwanza. Amecheka, lakini ameahidi.

Usije kesho, Akiru. Hata ukisharekebisha usije, mpaka milima itakate. Nyumba haihami. Mimi nitakaa hapa nikiitazama barabara, na kila pikipiki itakayotokea mbali itanisimamisha moyo, nisijue niombe iwe wewe au isiwe wewe.

Abdi akigeuza lori, mpe kitu aniletee, hata unyasi mkavu wa mlangoni pako. Asinipigie simu kusema amekuona. Nataka aniwekee kiganjani.

Ni mimi baba yako,
ninayengoja Lodwar.