Herufi za Pembeni Nilizichonga kwa Mkono, Sasa Baba Mkwe Anaisifu Mashine

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ikifika hujanijibu, basi barua hii uitunze kama kumbukumbu yangu.

Mimi ni seremala, nimeoa, na mke wangu anatarajia mtoto mwezi ujao. Kazi nilifundishwa na baba yake, fundi wa kuchonga kwa mkono ambaye mtaa mzima wanamwita Mzee Patasi, na nikiwa bado mwanafunzi wake nikamwona binti yake, mengine utayajaza mwenyewe. Mwaka jana nilileta karakanani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile ambayo unaandika maneno kwenye skrini, unafunga ubao mezani, ncha inazunguka na kuyachonga yenyewe, na mke wangu akaipa jina la Mke Mwenza kwa sababu kila asubuhi naifuta vumbi kabla sijamjulia hali yeye. Baba mkwe alikuja kuiangalia mara moja tu, akasimama mlangoni, akasema hiyo ni cherehani iliyokosa kitambaa, akaenda zake. Neno lile lilinichoma, Shangazi, na tangu siku hiyo nikawa natafuta kazi ya kumfunga mdomo.

Nikaipata. Walimu wa shule ya jirani waliagiza benchi la kumuaga mwalimu wao mkuu, lenye egemeo lililobinuka kwa nje, na juu ya ule mbinuko paandikwe ASANTE MWALIMU. Nikatangaza mezani mbele ya familia nzima kwamba mashine ndiyo itakayochonga, baba mkwe akasema mashine haijui mgongo, nami nikasema tutaona. Basi siku ya kuchonga nikagusisha ncha pale juu kabisa katikati ya mbinuko, nikaiambia ianze, nikasimama nimefunga mikono kifuani kama mwenye nyumba, kumbe ubao uliobinuka, pembeni zake huwa chini kuliko katikati, kwa hiyo herufi za katikati zikachongeka vizuri, lakini zile tatu za mwanzo na tatu za mwisho ncha ikapita hewani inachonga upepo, nikabaki na benchi limeandikwa NTE MWAL, kama dawa ya minyoo. Nikajaribu kwenye kipande kingine kuishusha ncha ili ifike pembeni, katikati ikatoboa tundu la kupitisha kidole.

Sasa nikafanya nini? Jumapili mchana nikajifungia karakanani, nikaiwasha mashine ikazunguka bila ubao ili majirani wasikie inanguruma, na chini ya kelele hiyo nikatoa patasi, nikazichonga zile herufi sita kwa mkono, moja moja, kama baba mkwe alivyonifundisha.

Jumatatu akaja. Akavaa miwani, akapitisha kidole juu ya maandishi, katikati akapita haraka, pembeni akakawia, akauliza mashine imejuaje kuzifuata nyuzi za mbao namna ile. Nikamwambia ni programu. Akavua miwani, akasema, "Mwanangu, kumbe miaka yote hii nilikuwa nabisha bure." Hapo ndipo ningesema ukweli, Shangazi, lakini ushindi ulikuwa mtamu mdomoni nikashindwa kuutema.

Nilifurahi siku mbili. Ya tatu mama mkwe akaja amekunja uso, akasema mzee amezipaka patasi zake zote mafuta, amezifunga kwenye kitambaa na kuziweka juu ya kabati, mlango wa watu aliokuwa akiuchonga ameuacha nusu, na wateja anawaambia waje kwangu kwa kuwa enzi yake imekwisha. Siku hizi anashinda nyumbani anampangia mkewe sufuria na kumfundisha kukunja mashuka, na mama mkwe anasema ndoa yao imedumu miaka arobaini kwa sababu mchana mzee alikuwa kazini. Akifukuzwa huko anakuja kwangu, anakaa juu ya kopo la rangi, anaiangalia mashine ikichonga namba za nyumba kwenye mbao tambarare, ananiuliza kwa upole ile kazi ya kubinuka itafanyika lini tena. Nimeshasema umeme ni mdogo, nimeshasema ncha imekwisha makali, wiki hii nimesema mashine ina homa. Naye ameweka mikono mapajani, haijui ifanye nini.

Sasa amesema Jumamosi analeta ubao wa kichwani wa kitanda cha mjukuu wake, umebinuka, uchongwe KARIBU MJUKUU mbele ya ukoo wote, ashuhudie kwa macho yake. Mke wangu hajui lolote na ameshaalika watu. Je, niivunje mashine nisingizie ajali, au nijifanye mgonjwa nilazwe?

Ni mimi, Mkwe Mashakani.

*

Mkwe Mashakani,

Marahaba. Vitanda vya hospitali waachie wagonjwa, na mashine usiiguse, haijakukosea. Nimemuuliza fundi mwenye mashine kama yako, akacheka hadi akakohoa. Anasema uliiambia ubao ni tambarare, nayo ikakutii. Haina macho ile. Ubao uliobinuka lazima kwanza iupapase nukta kwa nukta, kwa kile kipimo cha kugusa ulichopewa pamoja nayo, ndipo ijue wapi ipande na wapi ishuke. Ni kazi ya muda wa vikombe viwili vya chai. Wewe ulikuwa na haraka ya kumfunga mtu mdomo, na nadhani kipimo chenyewe bado kimo ndani ya nailoni yake. Hilo ndilo kosa dogo.

Kosa kubwa ni kwamba umemwachisha mzee kazi kwa ufundi aliokufundisha yeye mwenyewe. Na umeniandikia barua ndefu bila kusoma ulichokiandika. Katikati alipita haraka, pembeni akakawia. Mtu aliyeshika patasi umri wake wote asiutambue mkono wa mwanafunzi wake? Simjui mkweo, lakini mimi naamini anajua. Alikuuliza swali la kukufungulia mlango, ukamjibu programu. Patasi hakuziweka juu ya kabati kwa kushindwa na mashine. Ameziweka kwa sababu mwanafunzi wake ameona aibu kuzitaja. Kila siku anakaa juu ya kopo la rangi kukungoja, nawe unampa habari za homa ya chuma. Na kama nimekosea, kama kweli hajui, basi umemdanganya mtu aliyekuamini, na dawa ni ile ile.

Pole nakupa, lakini nusu. Namwelewa kijana anayetaka kuonekana mbele ya wakwe. Mume wangu aliwahi kupanda paa la baba yangu kuziba tundu, akashuka kwa kupitia tundu hilo hilo. Tofauti yenu ni kwamba yeye hakuwa na la kusingizia.

Usingoje Jumamosi. Ukoo ukishakaa kwenye viti, ukweli unakuwa maonyesho. Leo mwambie mkeo, maana aliyealika watu ana haki ya kujua wanakuja kuona nini. Atakununia, vumilia. Kesho asubuhi nenda kwa mzee peke yako, na mama mkwe akikukaribisha chai, mwambie utakunywa baadaye. Sema hivi: "Baba, zile herufi sita za pembeni nilizichonga mimi kwa patasi, na niliona aibu kukwambia." Halafu nyamaza. Usiongeze "lakini", usimweleze habari za mbinuko. Akigomba, kaa. Akinyamaza, kaa zaidi. Kisha mwombe Jumamosi mgawane ule ubao: mashine ichonge katikati inapopaweza, ubavu mmoja wako, wa pili wa babu. Mjukuu atalala tu, hatauliza nani kachonga wapi.

Ila kesho usiende mikono mitupu. Leo chukua kipande cha mbao kilichobinuka, chonga herufi moja kwa mkono kadiri unavyoweza, mpelekee, umuulize umekosea wapi. Utakuwa umekosea, hilo sina shaka. Na ili akuonyeshe, itabidi azishushe patasi zake.