Jiko la Mama Zawadi

Mama Sechelela,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye jiwe lako, huku kilimani nyuma ya dampo. Kipimo cha gesi nimekiweka pembeni kinapumua. Ungeniona ungesema, "Leo umekumbuka njia?"

Tangu tukuzike kwenu Kibakwe sijapanda huku hata mara moja. Naona haya kukuambia, lakini nitakuficha hadi lini. Wewe na magoti yako mabovu ulipanda kila asubuhi ili kipimo kiwashwe kwenye hewa safi, ndipo tushuke kupima kwenye mabomba yanayotoa gesi ya takataka ardhini. Mimi nikawa nakutania, mashine haina mapafu. Ukanijibu, "Ukiiwasha penye uvundo, itadhani uvundo ndiyo hewa. Itakuhesabia kinachozidi hapo tu." Nikacheka.

Ulipoondoka nikaanza kukiwashia getini, kwenye kivuli cha kibanda cha mlinzi. Pua yangu imeshazoea dampo, sikusikia harufu yoyote, nikajiambia hapa pia ni pasafi.

Basi namba za gesi zikashuka, dampo likaonekana salama. Bosi akanisifu mbele ya watu, akasema kijana ameshika vizuri nafasi ya mama yake. Nikazipokea zile sifa, Mama. Kichwa kikavimba kabisa.

Halafu Mama Zawadi na wenzake, wale wachambua chupa uliokuwa ukiwaletea zabibu, wakaniuliza kama wanaweza kuhamishia banda lao karibu na bomba la mwisho, maana pale vumbi haliwapigi sana. Nikapima, nikawaambia pako salama, hata chai pikeni.

Jana wakapika. Mama Zawadi akawasha kiberiti, moto ukaruka kutoka ardhini, ukamuunguza kitenge na nyusi. Ngozi Mungu aliinusuru. Nimefika mbio, unajua ameniambia nini? "Tusamehe mwanangu, jiko letu bovu. Tumekuharibia kazi." Wenzake wote wameinamisha vichwa.

Hapo ndipo maneno yako yaliponirudia. Na bado nikasema, "Hamna neno, mama." Nikawakataza kuwasha moto tena, nikasingizia jiko. Yaani mimi ndiye niliyewasamehe wao. Tangu jana nikimwona mtu anacheka nadhani ananicheka mimi.

Kipimo kimetulia sasa. Upepo wa huku unaujua, karatasi inataka kunitoroka.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, mradi niko hai kipimo hiki hakitawashwa tena getini. Bosi nitamweleza, na akinifukuza sitamlaumu. Ila kwanza nashuka bandani. Mama Zawadi alisema leo atalivunja lile jiko. Nataka nimuwahi, nimwambie mbele ya wenzake kwamba jiko lake ni zima.

Mwanao wa kazini,
Yohana