Fuso Mlangoni pa Kanisa

Ilomba, Mbeya.

Kwako Dada Eveline,

Kamwene, dada. Poleni na mvua za huko Ipogolo. Watoto hawajambo? Kile kifua cha Jackline kimepona? Mimi ni mzima kuliko daktari. Bahati imenivamia mpaka nadhani imekosea nyumba: fuso langu halipumziki, wenye viazi wananigombania, na nyama hapa kwangu hata paka anachagua.

Nakuandikia maana kwa simu nilishindwa. Nilipiga, ukapokea, nikaishia kuuliza habari za kuku.

Juzi nilikutana na jirani yako Isaka, kaleta nyanya sokoni. Nikamtania kama kawaida, hakucheka. Akaniuliza kama nina habari za mkutano wenu wa mtaa. Nikamjibu mimi mikutano yangu ni ya wafanyabiashara. Ndipo akanieleza.

Akasema ile ruzuku ya serikali ya kaya zisizojiweza, uliyokuwa ukinunulia sare za watoto, ilikuwa inahakikiwa. Majina yanasomwa hadharani, na watu wenyewe wanasema nani abaki, nani atoke. Lilipofika lako, mama mmoja wa kwaya akasimama, akasema si haki. Mjomba wa Jackline alikuja kwenye kipaimara na fuso lake, akaliegesha mlangoni pa kanisa, akashika kipaza sauti na kutangaza kwamba mtoto huyu hatavaa tena sare ya msaada. Mkutano mzima ukakumbuka. Wengine picha wanazo kwenye simu.

Nikamuuliza Isaka ulijitetea vipi. Akasema mwenyekiti alikuuliza kama ni kweli, ukasimama, ukafunga kanga vizuri, ukajibu: "Mdogo wangu akisema kitu, ni kweli."

Ukakatwa. Na Jackline, aliyechaguliwa kidato cha kwanza, yuko nyumbani kwa kukosa sketi, sweta na viatu, wenzake wako darasani.

Nilikaa juu ya tenga la nyanya za watu mpaka mwenyewe akanifukuza. Mimi niliyevuka Tunduma nikabishana na Wazambia kwa Kiingereza cha mikono, nilimwomba radhi mwenye nyanya nikaondoka. Na hayo ya paka hapo juu nimeyaandika kwa mazoea tu.

Redio yangu nimeiuza. Isaka anakuletea sweta na viatu, sketi sikuimudu. Barua hii mpelekee mwenyekiti, aisome mkutanoni mbele ya wote, wakurudishe. Usinifichie aibu tena, nakuomba.

Nisalimie watoto, na yule mama wa kwaya umwambie sina kinyongo naye.

Haya sasa ndiyo asome kwa sauti: sina fuso, sijawahi kuwa nalo. Lile ni la bosi wangu Anyitike. Mimi ni utingo wake, napanda nyuma na mizigo. Pale kanisani nilidanganya.

Mdogo wako,
Fanueli