Mbah Tuminah, Kidole Chako Bado Kiko Kwenye Mstari

Mwaka umetuzungukia, Mbah, tangu asubuhi ile ulipowekewa chai yako ya sukari nyingi na hukunyoosha mkono kuitafuta. Mwanao Gunadi alikuita mara mbili. Mara ya tatu hakuita, aliketi tu.

Ulizaliwa huoni, hapa hapa Solo, Java, ukazeeka ndani ya kiwanda cha vitabu vya wasioona, ukipitia kurasa za nukta nundu kabla hazijashonwa. Kosa lilikuwa halikupiti. Kijava, Kiindonesia, Kiarabu, vyote ulivisoma kwa vidole vilevile, kwa nukta zilezile sita. "Ni nyumba moja ya vyumba sita," ulimwambia mjukuu wako Wening, naye haoni kama wewe. "Leo kapanga Mjava, kesho kahamia Mwarabu. Kuta ni zilezile." Akakuuliza mbona Waarabu husoma kutoka kulia. Ukacheka mpaka ukakohoa. "Hao ni wenye macho! Sisi tunaanzia kushoto kwa lugha zote, na tunawahi kufika."

Mkamwana wako Purwanti alitaka naye ajifunze, amsaidie mtoto. Kila aliporudi kutoka masomo yake ya jioni, alichukua kibao na sindano yako, akatoboa karatasi. Hakujua kwamba nukta hutobolewa kwa nyuma, kutoka kulia, ili ukigeuza karatasi zije sawa. Ulipitisha kidole, ukasema, "Nduk, binti yangu, hii umewaandikia watu wa upande wa pili." Mlicheka sana siku ile. Sasa hacheki akilikumbuka neno hilo. Jua likianza kushuka, yuko jikoni, husikia tk, tk, tk ya sindano chumbani mwako. Hupunguza moto asikilize. Akifungua mlango, hakuna mtu.

Tulichokiogopa zaidi ni Wening. Tangu tukuzike, alikunja ngumi kila tulipomletea ukurasa.

"Soma kidogo tu, mwanangu," Purwanti, mama yake, alimbembeleza.

"Hapana, Bu. Kidole cha Mbah bado kipo kwenye mstari. Nitakikanyaga."

Mwalimu wake akatuonya kwamba vidole visiposoma hupoa, na vya mtoto wa miaka minane vikipoa, kuvirudisha ni shughuli. Purwanti alilia kwa kujificha, asisikike. Kumbe mtoto alisikia.

Kwa hesabu yetu ya mwezi mwaka wako ulitimia mapema, kwa hiyo mendhak yako, kisomo cha kutimiza mwaka, tumeshaifanya, siku chache kabla ya leo. Apem, vitumbua vyetu vya unga wa mchele, vilipikwa. Majirani walikuja na vijitabu vyao vya Yasini, na wenzako wa kiwandani na majuzuu yao mazito ya nukta nundu. Ilikuwa alasiri ya wingu jeusi na mvua nzito, madirisha yote ya mbao yamefungwa. Katikati ya kisomo umeme ukakatika, giza likatanda kama shimoni. Majirani wote wakakwama.

"Haya, wenye macho wamezimika!" alisema Sarjono, yule mkandaji asiyeona, rafiki yako. "Tulieni, tuwavushe."

Watu wakacheka, kisha ikabaki sauti yake na mchakacho wa vidole juu ya karatasi. Tukahisi vidole ni vingi kuliko watu. Ndipo sauti kavu ikamkatiza:

"Umeruka mstari."

Sarjono akasimamisha kidole. Hata mvua tuliisahau. Akauliza polepole, "Minah?"

Ilikuwa sauti yako, Mbah, ile ya kiwandani. Gunadi alikuwa na kiberiti mkononi, hakuthubutu kukiwasha.

"Ni mimi, Pak Jono. Wening. Rudi juu kidogo. Hapo hapo."

"We mtoto! Nusura uniondoe na mimi," Sarjono alisema, lakini alirudi juu, akasoma. Wening akasoma naye, juzuu lako likiwa magotini mwake, mpaka mwisho, bila taa.

Purwanti alimfikia kwa kutambaa. "Hukuogopa?"

"Niliogopa. Karatasi ilikuwa na joto, Bu, kama mtu ametoka kuishika sasa hivi." Akautafuta mkono wa mama yake, akauweka juu ya ukurasa. "Funga macho."

"Mbona ni giza tayari?"

"Funga tu. Leo unasoma kwa kidole. Anzia hapa."

Purwanti akafumba. Nukta ya kwanza ikamgusa.

Tunaokukumbuka ni mwanao Gunadi, mkamwana wako Purwanti, mjukuu wako Wening, Sarjono na wenzako wote wa kiwandani.

Tutakukumbuka siku zote, Mbah.