Kizingiti Kinachoshuka

Jumatatu, 3 Juni

Baridi. Vumbi tayari, na ni saa moja tu. Nimesimamisha miguu mitatu, nimefunga lazeri juu yake, imeanza kuzunguka. Kabeya ameshika mira, ile fimbo yenye namba, analalamikia goti. Kila siku goti. Kipokezi kilichofungwa kwenye mira kinalia pii pii kikiwa juu, pii pii kikiwa chini, kisha mlio mmoja mrefu. Hapo ndipo usawa. Kazi yangu ni hiyo. Greda inakwangua, nasoma, inakwangua tena.

Kiwanja ni mtaa wetu wa zamani, Kasulo. Nyumba zimebomolewa, watu wamehamishwa, patajengwa soko. Alama ya kuanzia, ile sifuri ambayo vipimo vyote vinatoka kwake, nimeiweka juu ya kizingiti cha nyumba ya baba. Kuta hazipo tena, kizingiti kimebaki. Enjenyere Ilunga, mkuu wa kazi, aliuliza kwa nini pale. Kwa sababu zege hiyo niliimwaga mwenyewe, miaka miwili iliyopita. Na kwa sababu mtaa mzima ulichimba kobalti chini ya vitanda vyao, isipokuwa baba. Baba ni shemasi. Alilikemea jambo hilo kila Jumapili mpaka watu wakamchoka. Ukitaka mahali pasipo shimo Kasulo, ni pale mlangoni kwake.

Jumanne, 4 Juni

Kona tuliyoimaliza jana leo imesoma juu. Sentimita moja. Enjenyere amesema nilisoma vibaya. Sikusoma vibaya. Greda imekwangua tena. Nimekasirika, lakini hata hasira yenyewe imechoka.

Mama amepiga simu, anauliza habari za Trésor. Mdogo wangu. Alikwenda Kisenge kwenye migodi ya manganizi, miaka miwili sasa, hajapiga simu hata mara moja. Baba anasema kule mtandao ni mbaya. Mama anauliza kila wiki, kama mtu anayeuliza bei ya unga. Nimemwambia bado. Sina kingine cha kumpa.

Jumatano, 5 Juni

Sasa ni kiwanja kizima. Kimepanda sentimita moja na nusu tangu jana. Mkate ndio hupanda, ardhi haipandi.

Kabeya anasema ni wachimbaji waliofia chini, wanasukuma. Alisema kwa mzaha. Dereva wa greda hakucheka.

Nimeipima lazeri yenyewe. Vigingi viwili, kwanza kutoka katikati, kisha kutoka pembeni. Nzima kabisa. Ningependa iwe mbovu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimechukua alama ya pili, mguu wa zege wa nguzo ya umeme kule barabarani. Nguzo na kiwanja vinapatana. Kizingiti peke yake hakipatani na kitu chochote.

Kwa hiyo kiwanja hakikupanda. Kizingiti kinashuka. Kompakta, gari la kushindilia, inapita na kutetemesha, nacho kinashuka kidogo, na mimi nakifuata. Siku tatu greda imekwangua udongo mzuri kwa ajili yangu.

Kitu hakishuki bila mahali pa kushukia. Nimeandika sentensi hiyo, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Bado ipo.

Ijumaa, 7 Juni

Sikumwambia enjenyere. Nimeandika kwenye daftari la kazi: alama imehamishiwa nguzo ya umeme. Sababu: urahisi. Uongo mtupu. Ametia sahihi bila kusoma. Jumanne kizingiti kitavunjwa, patamwagwa kifusi, juu yake sakafu ya soko. Yatakuwa yamekwisha.

Nakumbuka mambo kwa mpangilio, sitaki, lakini yanakuja yenyewe. Mwaka ule mama alikuwa Mutshatsha, dada yake amejifungua. Alikaa huko wiki tatu. Mvua zilikuwa nyingi. Baba aliniita nije na mashine ya kushindilia. Alisema maji yamebomoa mbele ya mlango. Nilikuta udongo mbichi. Nilishindilia, nikapima usawa, nikamwaga zege. Nilimwuliza Trésor yuko wapi, mbona hasaidii. Baba akasema amekwenda Kisenge, jana tu. Mama aliporudi alikuta kizingiti kipya na mtoto hayupo. Alikisifu kizingiti.

Nimekula vizuri leo. Sijisikii kitu.

Jumamosi, 8 Juni

Hakuna kazi. Nimefua nguo za kazi. Mke wangu ameuliza kama ninaumwa. Nimesema hapana.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimekwenda kwa baba, kwenye nyumba ile mpya waliyohamishiwa. Mama alikuwa bado kanisani na kina mama wenzake. Baba alikuwa amevua viatu, anavipangusa. Nilimpa vipimo tu. Kizingiti kimeshuka sentimita nne kwa siku nne. Sikumwuliza swali lolote.

Aliweka kiatu chini.

"Trésor haiko ku Kisenge," akasema. "Iko chini ya ule mulango wenye ulijenga. Sikusema, sababu nilikuwa na haya."

Mengine aliyasema kidogo kidogo. Mama alipoondoka, Trésor alimwomba achimbe kutoka chumbani kwake, na baba akakubali, kwa sharti kwamba mtu asijue na mama akirudi akute sakafu imefungwa. Trésor alitafuta vijana wawili wa Kasai. Walipata jiwe zuri siku ya tisa. Kisha mvua. Njia ya chini ilianguka upande wa mlango, yeye akiwa mbele kabisa. Wenzake walitoka. Waliita, walichimba mpaka kucha zikatoka damu, wakasema haiwezekani. Baba aliwapa nauli, wakarudi kwao, naye akafunga sakafu ya chumba. Kesho yake aliniita mimi.

Shemasi. Hakuweza kusimama mbele ya watu aliowahubiria. Basi akasimama mbele yangu, akanishikia ndoo ya maji nikichanganya zege. Nakumbuka alinishikia ndoo.

Nilitaka kumpiga. Mkono haukuinuka. Nikamwambia Jumanne wanafunika, baada ya hapo hakuna atakayempata tena.

"Basi bafunike," akasema.

Niliondoka bila kuaga. Njiani nimepishana na mama. Ameniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwendea enjenyere kabla ya kufungua sanduku la lazeri. Nilisema nimedanganya kwenye daftari. Nilisema chini ya kizingiti kuna shimo, na mdogo wangu yumo. Nilidhani sauti itakatika. Haikukatika. Ilitoka kama nasoma namba.

Enjenyere alivua kofia yake ngumu, akaishika mkononi. Akazimisha mashine zote. Akaita polisi. Aliniambia niende nyumbani, lakini nilibaki niwaonyeshe mahali. Nani mwingine angewaonyesha.

Saa sita nilikuwa kwa mama. Hapa Kolwezi habari haina miguu lakini inakimbia, na sikutaka aipate sokoni. Nilimwambia nimesimama. Alizima jiko. Akachukua kitenge kwenye kamba, akajifunga, akaingia ndani akafunga mlango. Baba alikuwa uani. Aliniona nikipita.

Jumanne, 11 Juni

Katapila imeondoa kizingiti kwa pigo moja. Nilikijenga kwa siku nzima.

Jumatano, 12 Juni

Katapila ilifika kina cha mita tano, polisi wakaisimamisha. Kuanzia hapo ni mikono. Wachimbaji wa mtaa wamekuja wenyewe, hakuna aliyewaita. Vijana wale wale ambao baba alikuwa akiwasema madhabahuni. Wamefunga mbao pembeni, wameshuka kwa kamba, wamepandisha udongo kwa magunia. Mmoja aliniuliza Trésor alikuwa mrefu kiasi gani. Nikamwonyesha begani kwangu.

Saa nane wamempata. Mita saba na nusu. Nimemtambua kwa mkanda, ule wenye kichwa cha simba, nilimnunulia mimi. Kabeya alinishika kiwiko. Sikulia. Nilijaribu.

Ijumaa, 14 Juni

Tumemzika. Makaburini baba aliomba kusema. Alisema sentensi tatu. Kwamba alimruhusu. Kwamba alimfunika. Kwamba alimdanganya mama yake miaka miwili. Hakuna aliyeitikia amina. Mchungaji alifungua Biblia, akaifunga, akaanzisha wimbo.

Wale wachimbaji walisimama nyuma, wameoga, wamevaa mashati meupe. Baba aliwaendea mmoja mmoja, akawapa mkono. Wote waliupokea.

Mama hakumtazama. Kutoka makaburini alipanda gari lililokuwa likienda kwangu. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo.

Jumamosi, 15 Juni

Bado watu wanakuja kutoa pole. Wanakaa kwenye viti vya kukodi, wanazungumza bei ya mafuta. Nawapenda kwa hilo.

Enjenyere alipita. Amesema watajaza shimo kwa mawe na zege, tabaka kwa tabaka, na kwamba kazi yangu iko. Kwenye daftari amefuta neno lile, urahisi, akaandika mwenyewe sababu ya kweli. Nilimshukuru. Baadaye nikagundua kwamba sikujua nashukuru nini.

Jumapili, 16 Juni

Mke wangu amekwenda kanisani na watoto. Mama hakwenda. Ameketi mlangoni na ungo wa maharagwe, anachambua. Nimeleta kigoda, nikakaa karibu yake. Jua la asubuhi, baridi bado. Jirani anapiga deki, maji yanapita mbele yetu.

Kisha akauliza, bila kuinua kichwa.

"Ile siku ulishindilia pale, ulisikia kitu?"

"Mama, mashine ilikuwa na makelele mingi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Vidole vyake havikusimama. Akamimina nusu ya maharagwe kwenye sahani, akanisogezea. Tulichambua wote wawili, mawe huku, mabovu kule, mpaka yakaisha. Akayaosha maji mawili, akayabandika motoni.