Mguu Wako Bado Unawahi

Donati, ndugu yangu,

Kwa huzuni kubwa, na kwa niaba ya nguo zangu zote zilizobaki, natangaza kifo cha suruali ya kijivu, kilichotokea ghafla Jumamosi alasiri huko Kiriri, mbele ya padri mmoja, shangazi zako wote na watu wengine wenye heshima zao. Marehemu ilinitumikia kwa uaminifu tangu ile harusi ya Gitega ambako bwana harusi alichelewa hadi tukaishiwa nyimbo. Imeacha mjane mmoja, yaani koti lake, ambalo sasa linaning'inia peke yake nyuma ya mlango. Nilimwomba Mama Riziki aitie sindano. Akaikunjua, akaitazama kwenye mwanga, akaniambia: "Baba Riziki, wafu nao wana haki ya kupumzika."

Majirani nimewaambia ni msumari wa kiti. Viti vilikuwa vya plastiki, lakini hakuna aliyeuliza. Wewe ungeuliza. Ungeuliza mbele za watu, tena kwa kipaza sauti. Basi nisubiri kidogo, nitakwambia ukweli, ila kwanza upokee habari.

Petroli bado ni ya kubembeleza. Ziwa lilipanda likaingia kwenye bustani ya ile hoteli yetu ya Ijumaa, maji yakafika pale pale tulipokuwa tukipiga, na wahudumu wanaapa kwamba kiboko alitoka akala majani chini ya jukwaa. Wanasema alitulia kuliko wateja wetu wote. Nilicheka peke yangu, kisha nikageuka kukutafuta nikuambie, kama mjinga. Bado nafanya hivyo.

Nilipita kuliangalia lile jukwaa. Ubao wa upande wako bado umebonyea. Unakumbuka meneja alivyokuwa akilia? "Bwana Donati, saksafoni nimeikodi, kiatu sikukikodi!" Hukuweza kupuliza bila kupiga mguu chini, na mguu wenyewe haukuwa na subira. Ulifika kabla ya wimbo, kidogo tu, kiasi cha unywele. Alikuwekea zulia, ukalisukuma pembeni kwa kisigino bila hata kufumbua macho. Na mimi na besi yangu nyuma yako, miaka yote ile, kazi yangu ilikuwa kukuvuta kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni, na mbuzi ameshaona majani. Ulikuwa ukiniita Poto, kwa sababu nilisimama kama nguzo ya umeme. "Poto, cheza hata kidogo, watu watadhani umekufa!" Nilikuwa nakujibu kwamba lazima mmoja wetu abaki mahali pamoja ili mwingine ajue pa kurudi.

Halafu wewe ndiye ukaenda. Presha, wakasema. Tulikupeleka hospitali ukiwa unanitania kuhusu viatu vyangu, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nashika jeneza upande wa kushoto. Sitaki kuliandika sana hilo.

Besi niliiweka chini ya kitanda. Ulikuwa ni wakati wa matanga, na nyumbani kwenu hamchezi ngoma mpaka matanga yaondolewe, mpaka siku ile mnayoiita kuganduka. Mimi ni mtu wa Uvira, lakini niliufuata mwiko wenu bila shida. Sikuwa na hamu. Kimya kilinifaa.

Sasa sikiliza habari ya Nadine.

Binti yako bado anakaa Musaga, nyumba ile ile. Chumba chako amekigeuza studio: magodoro ukutani, nyaya sakafuni, kompyuta pale ulipokuwa ukiweka redio. Wewe na mimi tulimcheka sana na midundo yake ya mashine. Ile siku ya Krismasi ulimwambia: "Ngoma bila ngozi? Ng'ombe wake alichinjiwa wapi?" Akakujibu: "Papa, na saksafoni yako, ni ya babu yetu gani wa Burundi?" Ukaniomba nikupitishie wali. Hukuniambia kwamba wiki iliyofuata ulikwenda naye Ruziba, kwa mama yako, ukapuliza saksafoni sebuleni kutwa nzima, yeye akirekodi. Niliposikia na kukuuliza, ulisema: "Mutoto akikuomba maji, we utamuuliza ya nini?"

Kumbe maji yale aliyahifadhi. Wiki mbili kabla ya kuganduka alinipigia simu, akiniita mjomba kwa Kifaransa kama kawaida yake.

"Tonton Bahati, papa aliniachia pumzi yake tu. Hakusema niifanyie nini. Mi nimetengeneza albamu. Kuna nyuzi za inanga ya wazee ndani, kuna jazi yake, na kuna mashine. Nataka isikike siku ya kuondoa matanga. Baba mkubwa Asteri anasema hapa tunaondoa matanga, hatufungui bar. Anasema atakubali kama wewe utamhakikishia kwamba hii ni kazi ya Donati."

"Na nisipohakikisha?"

"Nafuta yote. Siwezi kuishi na kitu ambacho papa angekikataa. We ulisimama nyuma yake maisha yote, Tonton. Ukisema apana, ni apana."

Donati, mimi mtu wa kuulizwa? Mimi ambaye huwa naomba ushauri kununua nyanya? Asteri, kaka yako mkubwa, mwenye nyumba Kiriri, mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi, amekaa anangojea neno langu. Na mtoto wako naye anangojea, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

Nilikwenda Musaga kwa miguu, na njia nzima nilikuwa nakunja "apana" moja nzuri, yenye adabu, isiyomwumiza mtoto. Nilijua ungeikataa ile mashine. Ile "apana" ilikuwa tayari mdomoni nilipoingia. Nadine akanipa chai, akanikalisha kwenye kiti chako, akanivika kaski ya kusikilizia, ile ya kufunika masikio yote. Kisha akaenda kusimama dirishani, akinipa mgongo.

Kwanza ulikuja mdundo. Tum. Tum. Mzito, wa chini, ule wa vijana, unaoingilia kwenye nyayo. Nikaanza kukunja uso wangu wa mzee.

Goti langu likashtuka kabla yangu.

Sikuelewa. Ikaingia inanga, Nadine amempata mzee mmoja wa milimani anayeimba kwa kunong'ona kama mtu anayemwambia moto siri, na nyuzi zile zilipita katikati ya ule mdundo bila kuugusa, kama mvua inavyopita kwenye majani. Kisha nikakusikia. Si saksafoni, wewe. Ile pumzi unayovuta puani kabla ya noti ya kwanza, fyu, kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anaamua kuliimba. Nikashika meza. Ukapuliza. Ndugu yangu, ulipuliza taratibu kuliko ulivyowahi kupuliza hotelini, bila kumfurahisha mtu, na mdundo ule ukawa unakutangulia, kidogo tu, kiasi cha unywele.

Hapo ndipo nilipoganda. Mashine haiwahi, Donati. Mashine imeundwa ifike kwa wakati wake, kila mara, mpaka kiama. Huu ulikuwa unawahi. Na mkono wangu wa kushoto, juu ya meza, ulikuwa umeshaanza kubonyeza nyuzi ambazo hazipo, unamvuta mbuzi.

Nikavua kaski. "Nadine. Hii ngoma umeitoa wapi?"

Hakugeuka. "Ni kiatu, Tonton."

Akanieleza akiwa bado anatazama nje. Mikrofoni aliiweka chini, kwenye saruji ya bibi yake, na kila ulipopuliza ilimeza na mguu wako. Alitaka kuutoa. Alihangaika nao muda mrefu, akashindwa, kwa sababu kila alipofuta kiatu, pumzi nayo ilikatika. Viliungana. Basi siku moja kwa hasira akafanya kinyume: akakichukua kiatu peke yake, akakinenepesha, akakipa tumbo na kina, mpaka kikawa ngoma ya kutikisa ukuta. Ngoma zote kwenye albamu ile, nzito na nyepesi, hata ile inayolia kama mtama unaomwagika, ni vipande vya kisigino na soli yako kwenye sakafu ya Ruziba. "Kompyuta ilitaka kumnyoosha," alisema. "Kila mara inaniuliza: nirekebishe? Mi namwambia apana. Huyu ndiye anatembea hivyo."

Nimekuwa kwenye muziki tangu sijaota ndevu. Nimepiga mbele ya mabalozi na mbele ya walevi. Sijawahi kuogopa muziki, ila ile alasiri niliuogopa, kwa namna mtu anavyoogopa anapoingia kanisani wakati hakuna mtu na kukuta mishumaa inawaka. Tulimcheka mtoto kwamba ngoma yake haina ngozi, kumbe alikuwa ametafuta ngozi ya karibu kuliko zote. Na ile sauti tuliyopigania kuizima hotelini, kwa zulia, kwa maneno, kwa besi yangu mimi, ndiyo iliyobaki imekusimamisha.

Ile "apana" yangu nzuri niliimeza pamoja na chai. Nilimpigia Asteri pale pale. "Ni Donati," nikasema. "Una hakika?" "Asteri, mimi nimeishi nyuma ya mguu huu."

Lakini nilipofika kwangu ile hakika ikaanza kuniponyoka. Mimi naujua mguu wako kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Wengine wangesikia nini? Wangesikia disko kwenye matanga ya marehemu, na Bahati wa Uvira ndiye aliyeidhinisha.

Jumamosi tulipanda Kiriri. Turubai, viti vya plastiki, maua, shangazi zako wamevaa mavazi ya kung'aa, kreti za bia na vibuyu vya pombe ya ndizi vikisubiri hotuba ziishe. Na hotuba hazikuisha mapema, si unajua kwenu. Mama yako alikaa mbele kabisa, mdogo kama kifaranga, mikono mapajani. Asteri akatangaza kwamba matanga yameondolewa, kwamba sasa watoto waoe na waolewe na nyumba icheke. Kisha akasema, akinitazama mimi, kwamba tutasikia kazi ya marehemu.

Tum. Tum.

Wee! Ningeona shimo ningeingia. Shangazi mmoja alijishika kifua. Padri aliangalia chupa yake kama vile ndiyo yenye makosa. Asteri alinigeukia na uso wa mtu aliyeuziwa saa isiyo na mashine ndani. Inanga ikaja, na ukapuliza, na bado watu walikaa kama picha ya pasipoti. Nadine alisimama karibu na spika, ameuma mdomo, na nikaona mkono wake unakwenda kwenye kitufe. Alikuwa anakwenda kuzima, Donati. Naapa. Na angeizima, isingewaka tena.

Ndipo mama yako akainua kichwa na kupaza sauti, kwa Kirundi chake kikali cha asubuhi: "Donati! Viatu! Nimekwambia mara ngapi uvivue mlangoni?"

Turubai lote likamgeukia. Nadhani yeye mwenyewe alijisikia akisema, kwa sababu aliweka kiganja mdomoni. Tukabaki na wewe tu, unapiga mguu kwenye saruji ya mama yako, juu kule Kiriri, wima, mkubwa kuliko nyumba. Halafu Asteri, yule yule wa hotuba, akavua miwani. Mabega yalianza kumtikisika, sikujua kama analia au anacheka, na sidhani kama naye alijua. Shangazi wakaanza kupiga makofi. Kiatu cha padri kilikuwa kinatikisika chini ya kiti, nilikiona. Mama yako akatoa kiganja mdomoni, akasema polepole, kwa binti yako: "Mwache. Leo asivivue."

Nadine akaondoa mkono kwenye kitufe.

Ndiyo habari hiyo. Sasa albamu inazunguka kwenye simu za watu. Kinyozi wa mtaa wetu anaipiga mchana kutwa na hajui kwamba mkasi wake unafuata kiatu chako. Nadine ameacha nafasi moja wazi, kwenye wimbo wa mwisho, anasema ni ya besi na haweki mtu mwingine. Nimeitoa chini ya kitanda, nimefuta vumbi, vidole vinalalamika. Nakuahidi kitu, ndugu yangu: kwenye wimbo ule sitakuvuta nyuma. Miaka yote nilidhani ninakuokoa na makosa. Safari hii we wahi unavyotaka, mimi nitakimbia nawe. Pumzika kwa amani, lakini usitulize mguu.

Na sasa suruali, kwa kuwa niliahidi ukweli.

Hakukuwa na msumari. Mama yako aliposema asivivue, nilisimama. Hakuna aliyenivuta. Mimi, Poto, nguzo ya umeme, nilitoka mpaka katikati ya majani ya Asteri nikacheza, kwa magoti yote mawili, kama kijana wa Uvira aliyepata mshahara. Nilishuka chini nikiwa na nia ya kupanda tena. Sikujua kwamba vijana, kwenye muziki wao, hukata mdundo ghafla na kuacha kimya. Nadine aliukata pale pale. Ikabaki pumzi yako peke yake, fyu, na katikati ya kimya kile kitakatifu, mbele ya padri, suruali ikapasuka kuanzia mkanda mpaka inakopaswa kuheshimiwa.

Kila mtu alisikia. Nilitaka kukaa. Lakini mguu wako ukarudi, mapema kidogo kama kawaida yake, na sikupata nafasi.

Poto wako,
Bahati