Mkono Usioogopa Maji

Dar es Salaam
20 Aprili 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na mama na mdogo wangu Faidha. Mimi sijambo, ila joto la huku linanimaliza, nimeitamani baridi ya Mkunya kama chakula. Nakuandikia kwa sababu masikio yako na simu hayapatani tena tangu ile mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa iyaharibu. Juzi nilikuambia nimepata mkono, ukanijibu kwamba hata huko mvua imenyesha.

Mkono nimepata, Baba. Si ule wa plastiki wa kuvaa ili watu wasishangae. Huu unafumba na kufumbua. Ndani yake mna vijidude vinavyogusa ngozi pale mkono wangu ulipoishia, vinasikiliza misuli. Nikiwaza kufumba ngumi, nao unafumba. Mkono wangu ulioliwa na sumu ya nyoka, siku ile tukiokota korosho kwenye majani, kumbe kichwani mwangu bado upo. Fundi Nathanaeli anasema wengi wetu ndivyo tulivyo. Kila jioni nauchaji kama simu.

Wenzangu hapa karakana ya viungo bandia wanajifunza kwa kushika yai. Mimi niliomba korosho zilizobanguliwa. Mwanzo nilizivunja zote, tukala vipande. Sasa naokota moja na kuiweka mezani ikiwa nzima.

Unajua ninachokitaka. Tangu nitoke hospitali sijakaa nanyi kwenye sinia. Mkono wa kulia haupo, na wa kushoto ni wa chooni, siwezi kuuchovya kwenye chakula chenu. Mkiniita nilikuwa nasema nitakula baadaye, kisha nakula jikoni kwa kijiko huku nawasikia mnacheka. Idi ya mfungo tatu nakuja. Nitakula kwa mkono wa kulia, pembeni yako.

Mwanao,
Shakila


Mkunya
4 Mei 2025

Mama yangu Shakila,

Marahaba, mwanangu. Sisi huku wazima, isipokuwa mgongo wa mama yako, na ubishi wangu ambao hauna dawa. Barua Faidha alinisomea kwa kelele mpaka jirani yetu Hajira akaja mbio kuuliza nani amefiwa. Baadaye nikaenda nayo shambani, nikaisoma tena peke yangu.

Mkono unaosikiliza! Basi umenishinda masikio. Waulize mafundi hao kama wanatengeneza na sikio. Mama yako anauliza kama unapakwa hina.

Uje na njaa. Usijishibishe chipsi za njiani.

Baba yako,
Nurdini


Mkunya
15 Juni 2025

Mwanangu Shakila,

Hujambo? Ulifika salama? Kondakta anasema alikushusha Dar mzima, lakini wewe mwenyewe kimya. Simu ya mama yako hupokei.

Siku ile naipitia kila saa. Ugali wa muhogo ulikuwepo, kisamvu kilichoungwa kwa korosho kilikuwepo, kama ulivyoagiza. Ulikaa pembeni yangu na gauni lako jipya. Katika maisha yangu sijawahi kumnawisha mtoto, watoto ndio wananinawisha mimi. Siku ile nilimnyang'anya Faidha birika. Nikakumiminia maji mkono wa kushoto, nikaja kwenye wa kulia, nikavisugua vidole kimoja kimoja kama mama yako alivyokufanyia ulipokuwa mdogo. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Ukakata tonge la kwanza, ukala. La pili, vidole vikakaza na havikufunguka tena. Ukainuka na ugali ndani ya ngumi, ukaingia chumbani. Asubuhi tukakuta kitanda kitupu.

Kama maji ni sumu yake, kwa nini hukusema? Ulikuwa unanitazama tu. Niambie, hata kwa matusi niambie.

Baba yako


Mkunya
10 Agosti 2025

Shakila,

Salamu za Mungu. Tuko kwenye salfa. Mashine nimewaachia vijana, mimi kazi yangu sasa ni kuwagombeza. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Hujajibu na sikulazimishi. Nataka tu ujue jambo moja. Tangu Idi, upande wako wa sinia hauguswi. Sikumwamuru mtu, imetokea tu. Mimi nakata huku, mama yako kule, Faidha kwake, na ugali wa upande wako unabaki pale umesimama. Mama yako anautoa anawapa kuku. Kuku wamenenepa, sisi tumekonda.

Nimekukumbuka, mama. Ninalisema wazi maana naona kulificha hakunisaidii.

Baba yako


Dar es Salaam
2 Septemba 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Poleni kwa kazi za shamba. Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio umekuwa mgonjwa. Nisamehe kwa kimya hiki.

Nilijua, Baba. Tangu siku ya kwanza nilikatazwa maji. Lakini ulipolishika birika wewe, mbele ya mama na Faidha, ningesemaje? Hata hivyo si heshima peke yake iliyonifunga mdomo. Nilisikia maji yanadondoka kwenye beseni kutoka mikono miwili. Mlio ule nilikuwa nimeusahau. Nikasema moyoni, acha uharibike, lakini baba aninawishe.

Kisha nikaogopa. Nilidhani mafundi watanifukuza, na uso wako sikuweza kuutazama. Nathanaeli alipoufungua akakuta maji, na ugali umegandana kwenye viungo. Akasema waliouunda walikuwa watu wa uma na kisu, birika hawakulifikiria. Wakabadilisha vitu vya ndani, sasa unafanya kazi vizuri kuliko mwanzo.

Na mimi wamenipa kazi. Nawafundisha wanaokuja wapya. Wiki iliyopita kulikuwa na binti wa kwetu kule, Isabela wa Lukuledi. Alipofumba kidole cha kwanza alipiga kigelegele mwenyewe, karakana nzima ikasimama. Kwa mkono huu naandika barua hii, Baba. Nafunga vifungo, namenya viazi, nimewasuka wenzangu nywele. Siubezi hata kidogo.

Ila lile tonge sikulisikia. Sikujua kama lina moto au limepoa. Wanasema mwakani, au mwaka wa pili, utakuja mkono usioogopa maji, na ambao utasikia joto. Nausubiri huo ndipo nije. Sitaki kurudi jikoni na kijiko changu. Nawatamani, lakini bora niwatamani nikiwa huku.

Mwanao,
Shakila


Mkunya
21 Septemba 2025

Mama yangu Shakila,

Marahaba. Mgongo wa mama yako umepata nafuu, na amelia mpaka akachoka. Sisi wengine wazima.

Mwakani au mwaka wa pili! Nani amekudanganya kwamba nina miaka ya kuchezea?

Nilipomaliza kusoma nilivaa kanzu, nikaenda kwa Shehe Dauda. Nikamuuliza, mtu asiye na mkono wa kulia anakulaje? Akanitazama kama nimemuuliza jua linatokea wapi. "Kwa ule alio nao, Nurdini." Nikabaki nimesimama mlangoni kwake kama niliyesahau nilichofuata.

Kwa hiyo dini haina ugomvi na mkono wako wa kushoto. Mama yako hana. Faidha ndiyo kabisa, yeye usipomwangalia anakula hata bila kunawa. Ugomvi uliobaki ni wako peke yako, na mimi sikubali tukae miaka tunawangojea mafundi wauamue.

Mkono wa kazi uutunze, na kazi uipende. Nimefurahi, hapa kijijini nimeshawachosha watu kwa kuwasimulia. Lakini kwangu utakula kwa kushoto, kwenye sinia, pembeni yangu, na huo huo wa kushoto nitaunawisha mimi. Ni amri ya baba. Kama umekua mkubwa na amri hazikupati tena, basi ni ombi.

Baba yako,
Nurdini


Ujumbe kwenye simu ya mama
3 Oktoba 2025, saa kumi jioni

Mama shikamoo. Msomee Baba kwa sauti kubwa. Nipo stendi ya Masasi, gari la Newala la kuja huko linapakia. Kazini wameniruhusu mpaka Jumatatu. Mkono upo kwenye begi, nimeuzima. Msianze kula.
Mwanenu Shakila